Tairi la Tano

Luciana alikuwa uani na ungo wa alizeti mikononi, anasubiri upepo, aliposikia pikipiki ikizimwa nje ya uzio wa minyaa. Mtu akashuka, akazungumza na dereva maneno mawili matatu, kisha kitu kizito kikatua kwenye vumbi, puu. Pikipiki ikageuza na kuondoka. Akasikia hodi.

"Karibu," akaitikia, bila kuweka ungo chini.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa anasukuma tairi la gari kwa mikono miwili, tairi pamoja na rimu yake, akiliinamia kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Alilileta mpaka karibu na mlango, akaliegemeza ukutani, akajipangusa viganja kwenye suruali.

"Habari za hapa, dada?"

"Nzuri. Za utokako?"

"Salama kabisa. Samahani, hapa ndipo kwa Chrispin? Chrispin mwenye pikapu ya kijani?"

Upepo ulikuja wakati huo huo, upepo mzuri wa Mtinko ambao Luciana alikuwa ameusubiri tangu asubuhi, ukapita bure. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu mtu aje pale kumuulizia Chrispin kwa namna hiyo, kama mtu anayeweza kuitwa akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati.

"Ndipo," alisema.

"Alhamdulillahi. Nimeuliza pale gulioni, wamenielekeza kwa kidole tu, nyumba ile pale. Yupo? Mwambie mwizi wake amejileta mwenyewe." Akacheka, akaligonga tairi kwa kiganja. "Mwambie Idrissa. Ataniambia maneno, najua, ila ninayastahili."

Barazani, Bibi Eliana, mama mzazi wa Chrispin, alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua uso. Alisema, "Luciana, mletee mgeni maji."

Maji yakaja. Idrissa akanywa kikombe chote bila kupumua, akaongezewa. Akaletewa kigoda. Bibi Eliana akamuuliza ametoka wapi, akasema Itigi. Akamuuliza huko mvua imefikia wapi, akasema wanapanda. Akamuuliza watoto wazima, akasema wazima. Luciana alisimama nyuma ya mama mkwe wake akitamani maswali yale yasiishe.

"Baba," alisema Bibi Eliana, "huyo unayemtafuta tulishamzika."

Idrissa akabaki na kikombe mkononi. Aliangalia tairi, akamwangalia Luciana, akaangalia tena tairi kama ndilo lililosema.

"Lini?"

"Mwaka jana, mvua zinakaribia kuanza," alisema Luciana. "Jumamosi. Siku aliyokupa hilo."

Alikuwa hajawahi kumwona huyu mtu, lakini alikuwa ameishi naye. Alijua yuko mahali fulani. Siku ile Chrispin alimpigia simu akicheka, akamwambia nimechelewa kidogo, kuna jamaa amekwama barabarani nimemwachia spea, atairudisha kesho. Saa moja baadaye gari lake mwenyewe likapata pancha, na chini ya pikapu hakukuwa na kitu, ulikuwepo mnyororo mtupu. Akalifungua tairi lenye pancha, akasimamisha bodaboda, akaenda nalo kwa fundi likazibwe. Wakati wa kurudi, akiwa amelipakata mapajani, lori likawazoa barabarani. Dereva wa boda alivunjika mguu. Tairi halikupata hata mkwaruzo. Watu wema walilipeleka kwa bajaji hadi kwenye pikapu jioni ile ile, wakalifunga ili gari liendeshwe mpaka nyumbani, lisilale porini. Lilifika nyumbani kabla yake.

"Ulikuwa umepakia nini?" Luciana aliuliza.

"Dada..."

"Siku ile. Kwenye gari lako ulikuwa umebeba nini? Mgonjwa?"

Idrissa akaweka kikombe chini polepole. "Kuku," alisema. "Nilikuwa nawahisha kuku mnadani, jua lilikuwa kali, walikuwa wanaanza kufa."

"Kuku."

"Ndiyo, dada yangu."

"Wakafika?"

"Luciana," alisema Bibi Eliana.

"Nauliza tu, mama. Kuku walifika wazima?"

Idrissa alisema walifika. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba kesho yake alipata mzigo wa Itigi akasema nitarudisha nikirudi, kisha gari likafa injini, kisha simu ikaibiwa na namba zote. Na hakuficha kwamba alilitumia lile tairi. Lilitembea kwenye gari lake miezi kadhaa kabla injini haijafa, na ndiyo maana kashata zake, yale meno ya mpira, zimelika. "Ningekuja mapema," alisema. "Kila wiki nilisema wiki hii. Nilikuwa naona aibu, na kila nikichelewa aibu inaongezeka. Kumbe..."

"Liondoe," alisema Luciana. "Nenda nalo. Liuze, lichome, mimi sitaki kuliona."

"Dada, siwezi kuondoka nalo. Nikiondoka nalo leo nitakuwa nimeiba kweli."

Bibi Eliana aliinuka, akakung'uta majani kwenye kanga. "Litalala hapo hapo lilipo," alisema. "Na wewe baba utakula kwanza. Mtu hatoki Itigi akarudi na njaa kwa sababu sisi tuna msiba."

*

Pikapu ya kijani ndiyo iliyomlisha Luciana, mama mkwe wake na mwanawe Shukuru. Ndugu wa Chrispin walitaka iuzwe wiki ile ile ya arobaini. Mmoja alikuwa ameshamleta hadi mnunuzi. Luciana akaomba apewe mpaka mavuno, na kabla ya mavuno akawa amejifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, watoto wakimzomea na kumshangilia kwa pamoja. Sasa alibeba vitunguu, alizeti na watu kati ya Mtinko na Singida Mjini. Wapo waliokuwa wakimpungia apite, wakisingizia wanamsubiri mtu, kumbe wanasubiri gari lingine. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe aliliogopa.

Aliliogopa kwa utaratibu. Tairi ambalo Chrispin alikufa akiwa amelipakata lilikuwa nyuma kushoto, mbali kabisa na kiti cha dereva, na Luciana alihakikisha halisogezwi. Kwenye kona ile ya bodi hakukaa mtu. Pale palikuwa pa magunia. Abiria mpya akijisogeza huko aliambiwa bodi imeoza, atatumbukia. Na bado kila gari lilipopita shimo, kutoka nyuma huko kulisikika kitu kikigonga. Ngo. Ngo-ngo. Mgongo wa kidole kwenye mlango. Alikuwa hajamwambia mtu kuhusu mlio ule, hata mama mkwe wake, ambaye kila alfajiri kabla gari halijaondoka alikwenda kuinama pale nyuma kushoto, akaligusa tairi na kulisemesha kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

Na hakupita pale alipogongwa Chrispin. Kuna njia iliyonyooka kwenda mjini, na kuna njia ya kuzunguka kwenye mawe, ambayo hata punda hawaipendi. Tangu msiba Luciana alipita kwenye mawe.

Jioni ile, Idrissa akiwa ameshaondoka kwenda kulala kwa jamaa yake, Dorkas alikuja. Dorkas alikuwa jirani, mjamzito wa miezi yake yote, na mume wake alikuwa kibarua Manyoni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na huyu naye alipangiwa upasuaji, Jumatatu, hospitali ya mjini. Aliketi kwenye mkeka kwa awamu tatu, akishika kiuno.

"Dada Luciana, nimekuja kukumbusha Jumatatu."

"Nakumbuka."

"Najua unakumbuka. Nimekuja kukumbusha na jambo jingine." Akavuta pumzi. "Usinipitishe kwenye mawe. Mara ile ya kliniki nilifika nimeyashika meno yasidondoke. Nesi akaniuliza, mama, umekuja kwa gari au umekuja ukibiringishwa?"

Luciana alicheka, kisha akaacha.

"Najua kwa nini hupiti kule," alisema Dorkas, kwa sauti ya chini. "Kila mtu anajua. Nisingekuomba. Lakini daktari amesema mshono wa zamani unaweza kuachia."

Kuku walikuwa wanapanda kulala. Mmoja aliruka juu ya lile tairi ukutani, akajaribu kukaa, akateleza, akarudi tena.

"Na la pili," alisema Dorkas. "Usiniache mlangoni. Mume wangu hatawahi kufika. Nikiingizwa kule ndani, nataka wakitoka wakiuliza nani yuko na Dorkas, kuwe na mtu. Mara ya kwanza waliuliza hakukuwa na mtu. Nilisikia wakiuliza."

Luciana alikuwa hajakanyaga hospitali ile tangu siku aliyoitwa kwenda kumtambua mume wake. Abiria wagonjwa aliwashushia barabarani, ng'ambo ya geti. Aliangalia mikono yake, akaona ina vumbi la alizeti mpaka kwenye kucha.

"Nitakaa," alisema. "Nimekubali yote mawili."

*

Kabla ya Jumatatu gari lilitakiwa lipite kwa fundi. Luciana alijua, usukani ulikuwa unavuta upande kama ng'ombe mkaidi. Jumapili baada ya ibada alilipeleka kwa Simoni, ambaye gereji yake ilikuwa mti mmoja wa mgunga na kontena bovu. Simoni alipiga magoti mbele, akapitisha kiganja juu ya tairi moja, akapitisha juu ya jingine, akainuka akitikisa kichwa.

"Mama Shukuru, hivi ni vipara. Unaona hapa mabegani? Mawe yameyatafuna. Ukikanyaga breki kwenye tope na haya, utakwenda yatakakotaka yenyewe."

"Kesho nampeleka Dorkas hospitali."

"Kwa haya? Mimi sikuruhusu. Nitachukua ufunguo wako."

"Unaniambia ninunue mapya? Sina."

"Sijasema ununue. Ya nyuma bado yana uhai. Ya nyuma yaje mbele, moja la mbele lenye nafuu liende nyuma. Tatizo linabaki nafasi moja." Macho yake yakapita begani mwa Luciana. "Na naona nafasi yenyewe inakuja."

Idrissa alikuwa anakuja katikati ya barabara ya Mtinko, saa ambayo watu wote wametoka kanisani na nguo zao safi, akilisukuma tairi kwa mikono. Watu walisimama kuangalia. Alikuwa amelifuata nyumbani, na Bibi Eliana alikuwa amemwelekeza gereji. Vijana wa kijiweni wakamtupia maneno, wakamuuliza gari amelisahau wapi. Aliendelea kusukuma. Alipofika alikuwa anahema, na vumbi limemfika mpaka kwenye nyusi.

"Mama amesema nilete," alisema. Hakumwangalia Luciana.

Simoni alilishika, akaligeuza, akapima kashata kwa ncha ya kidole gumba, akasoma namba za ubavuni. "Ndilo la seti hii hii. Marehemu alinunua matano kwa pamoja, nayakumbuka. Zuri sana hili."

"Lifunge chini basi," alisema Luciana. "Chini, kwenye mnyororo wake. Lisiingie kwenye mzunguko."

"Mama Shukuru, sikia. Wapo wanaozungusha manne tu, spea wanaiacha inaning'inia mpaka inapasuka kwa uzee, siku wakiihitaji wanakuta ni gamba. Na mimi lingekuwa jipya kabisa ningekuambia tuliache, maana lingekuwa refu kuliko wenzake, gari likatembea limeinama. Lakini hili limeshatembea. Linalingana na ya nyuma. Bwana huyu amelitumia." Akasema hivyo bila ubaya, lakini Idrissa aliinamisha kichwa. "Tunaliingiza. Yanazunguka yote matano. Moja la mbele, lililolika zaidi, ndilo linakwenda chini kupumzika."

"Sitaki hilo litembee chini yangu. Lingekuwa mahali pake siku ile, mume wangu angekuwa hai."

"Sasa nifanye nini? Nizae tairi?"

Luciana alilisukuma lile tairi kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema, kama mtu anayepatana bei, "Ingiza, basi. Kwa ajili ya Dorkas. Lakini lile la nyuma kushoto liache. Zungusha mengine yote, lile liache pale pale."

Simoni alikuwa ameshashika jeki. Akaiweka chini.

"Lipi?"

"La nyuma kushoto. Unalijua. Lile."

Fundi aliangalia kontena lake, akaangalia mti. 

"Mama Shukuru, lile halipo pale."

"Unasema nini?"

"Ulipoleta gari nifunge breki, baada ya mavuno yale. Ukaniambia niliangalie gari lote. Nikakuta matairi hayajazungushwa muda mrefu, nikayazungusha. Ni kazi ya kawaida tu, sikuona cha kukuambia. Sikujua unaliwekea..." Akaishia hapo.

"Liko wapi?"

"Ya nyuma nilipeleka mbele kwa kupishanisha. La kushoto likaja kulia."

"Mbele kulia."

"Ndiyo."

"Chini ya kiti changu."

"Ndiyo, mama."

Luciana alilishika gari. Bati lilikuwa la moto. Miezi yote ile alikuwa amewakataza watu wasikae juu ya tairi ambalo halina habari, na mama mkwe wake alikuwa akilisemesha tairi lisilomjua mwanawe, na yeye mwenyewe alikuwa amelikalia lile, kila siku, milango imefungwa, akiimba wakati mwingine.

"Muongo wewe," alisema. "Nalisikia. Kila siku nalisikia linagonga nyuma. Nyuma kushoto, Simoni! Kwenye mashimo linagonga."

Simoni akalala chali kwenye vumbi, akajiburuta chini ya bodi. Mkono wake ukatafuta. Kisha kutoka kule chini, mchana kweupe, ukasikika mlio ule. Ngo. Ngo-ngo.

"Ni huu?" aliuliza fundi.

Luciana aliinama kutazama chini ya bodi.

"Ni mnyororo wa spea. Hauna kitu cha kushika, unapiga bodi."

Idrissa alikuwa amechuchumaa kando ya tairi alilolileta. Alijifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Baada ya muda Luciana alimsogelea, akasimama karibu naye, huyu mtu ambaye alikuwa amemchukia kwa bidii kiasi kile bila kulijua jina lake.

"Inuka," alisema mwishowe. "Msaidie fundi kubana nati. Shikeni wawili."

Simoni akatoka chini ya gari. "Lile la siku ile lina kiraka kwa ndani," alisema kwa upole. "Nikilivua kwenye rimu nitaliona. Nikuhakikishie ndilo, kisha nikuambie nimelipeleka wapi? Naweza kukuwekea hata alama ya rangi."

Alifikiria. Rangi nyeupe, ndogo, mahali ambapo yeye peke yake angeiona. Angejua tena. Kona yake ingerudi, na magunia yake, na uongo wa bodi iliyooza.

"Hapana," alisema. "Zungusha yote. Usiniambie."

Akaenda kukaa upande wa pili wa kontena, akawapa mgongo. Alisikia jeki ikipanda, nati zikilia, tairi likibiringishwa kutoka mahali kwenda mahali, na alijilazimisha asihesabu.

*

Jumatatu alfajiri Bibi Eliana alitoka na kanga yake begani, akaelekea nyuma kushoto kama kawaida. Luciana alikuwa amewasha gari. Alilizima.

"Mama."

"Nini?"

"Halipo hapo. Fundi aliyazungusha zamani, na jana tena. Sasa hatujui ni lipi."

Alijiandaa kwa kilio. Bibi Eliana alibaki ameinama, mkono umesimama hewani karibu na tairi, kisha akaligusa hivyo hivyo. Akalisemesha maneno yake. Akajikongoja hadi la pili, akaligusa, akalisemesha. Akazunguka mbele, akamaliza yote manne. Kisha akapiga magoti kwa taabu, akanyoosha mkono chini ya bodi, akalitafuta la tano lililobanwa na mnyororo mpaka akalifikia.

"Haya," alisema, akijipangusa magoti. "Mwahishe mwenzio."

Dorkas aliketi mbele, kanga tatu zimekunjwa chini yake, begi la mtoto miguuni. Walifika njia panda. Luciana akakunja kuelekea njia iliyonyooka.

Ilikuwa imenyesha usiku. Mbele gari lilishika tope vizuri, usukani ulitulia mikononi mwake. Walipokaribia pale alipogongwa Chrispin, Luciana alikaza usukani, na Dorkas, bila kugeuza kichwa, akaweka mkono wake juu ya goti la Luciana. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukingo wa barabara, majani, na mbuzi wawili. Kuna shimo pale, Luciana hakuwahi kulikwepa, gari likaruka. Akakaza masikio.

Kimya.

Akapita shimo la pili makusudi, polepole. Kimya. Mwaka mzima alikuwa ameuogopa mlio ule, na sasa, kwenye barabara ile kati ya barabara zote, aliukosa, na kuukosa kulimuuma kuliko alivyotarajia. Alilia akiendesha, macho wazi, bila kupunguza mwendo.

"Lia tu," alisema Dorkas. "Ila uangalie mbele."

Getini hakusimama ng'ambo. Mlinzi alimfungulia, akaingiza gari mpaka ndani, akamshusha Dorkas kwa kumkumbatia. Wakampokea, wakamvalisha gauni la kijani, wakampandisha kitandani. Kabla mlango haujafungwa Dorkas alinyanyua vidole viwili kutoka kwenye shuka, yale mawili waliyopatana, akavishusha.

Benchi la kusubiria lilikuwa kwenye kibaraza. Ukikaa hapo unaona, kupitia maua ya bougainvillea, jengo dogo lenye mlango wa bluu, na Luciana alilijua jengo lile, ndimo alimomtambua mume wake. Alijua sakafu yake ina mteremko wa kupitishia maji. Alijua mtu wa pale anavaa ndara nyeupe. Alisimama, akaketi, akasimama.

Simu ikaita. Alikuwa Festo, mfanyabiashara wa vitunguu, mteja wake wa kila Jumatatu, ambaye alikuwa ameahidiwa gari saa nne.

"Mama, uko wapi? Mzigo uko juani."

"Niko hospitali. Nimemleta mtu, hajatoka."

"Si umeshamfikisha? Manesi wapo. Njoo pakia, utarudi kumwangalia."

"Siwezi, Festo. Nimemwambia nitakaa."

"Mama Shukuru, mimi sikulazimishi. Ila hapa kuna mtu na Canter yake, ananiambia anaweza kunibebea leo na wiki zote. Nimwambie nini?"

Mlango wa bluu ulifunguliwa kule, mtu wa ndara nyeupe akatoka na ndoo, akamwaga maji kwenye maua, akarudi ndani. Luciana alibana simu kwa mikono miwili.

"Mwambie apakie," alisema.

Akaketi tena. Safari hii aliketi mwisho kabisa wa benchi, karibu na mlango wa wodi ya upasuaji, uso wake umeelekea jengo lile, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuuelekeza. Watu wakaja na vyakula kwenye vikapu, wakaondoka. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alimuuliza ana mgonjwa gani, akasema jirani. "Jirani tu?" mwanamke akashangaa, "na umekaa hivyo tangu asubuhi?" Luciana akasema ndiyo. Jua likahama kutoka miguuni kwake likapanda magotini, akaliacha.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Nesi akatoa kichwa, barakoa imeshushwa kidevuni, akaangaza macho kibarazani kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Nani yuko na Dorkas?"

"Mimi," alisema Luciana, akasimama.